Betri ya Stata Isiguswe: Maneno kwa Wenye Boti wa Dunga

Haya ndiyo niliyozungumza na wenye boti, manahodha na vijana wa mashine tulipokutana bichi ya Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Wengi walikuwa ziwani siku hiyo, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti wa BMU (kamati ya kusimamia bichi), wazee wetu, mama zangu mnaonunua na kukausha samaki, manahodha, na nyinyi vijana mnaobeba mashine begani kila alfajiri: asanteni kwa kuacha kazi zenu mkaja kunisikiliza. Nimeombwa nizungumzie betri za boti ndogo, boti hizi zetu za mashine ya nguvu za farasi 15, 25 mpaka 40. Mimi ni fundi wa umeme, na jambo hili naliona kila wiki.

Naanza na swali. Uko ng'ambo ya kisiwa cha Ndere, ni saa nane za usiku, na umeme wa radi umeanza kumulika magharibi. Mnajua vizuri kuliko mimi kwamba mvua kali za ziwa hili hupenda kuja usiku kuelekea alfajiri. Nchi kavu hupoa haraka, ziwa hubaki na joto lake, upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji ya uvuguvugu na mawingu yanapanda. Sasa, saa hiyo, unataka betri yako ikufanyie kazi gani kwanza? Iwashe redio? Ichaji simu? Imulike ndoo ya samaki?

Iwashe mashine! Iwashe mashine uondoke. Kazi nyingine zote zinasubiri.

Basi, ndugu zangu, neno langu kubwa ndilo hilo. Umeme wa kuwashia mashine uwe na betri yake, na betri hiyo isiguswe na kitu kingine. Nitakayosema kuanzia sasa yanatoka hapo.

Kuna boti moja ya upande wa Usenge, mashine yake farasi 40, ya kuwasha kwa ufunguo. Ilipokuwa mpya ilifungwa betri moja ya gari, na ilitosha kabisa. Mwezi uliofuata wakaongeza taa. Baadaye kifaa cha kutafuta samaki. Baadaye redio, kisha waya wa kuchaji simu za vijana wanne. Kila kitu kilishikishwa kwenye vichwa vya betri ile ile moja. Usiku mmoja walitia nanga, wakavua, taa zikiwaka muda wote. Alfajiri upepo ukageuka, nahodha akazungusha ufunguo, akasikia ta-ta-ta-ta, basi. Mashine nyingi za ukubwa ule zina njia ya dharura: unafungua kifuniko, unazungushia kamba kwenye gurudumu la juu, unavuta. Kamba iliachwa nyumbani. Upepo uliwasukuma kuelekea mawe mpaka boti ya jirani ikawavuta. Walifika salama, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, lakini nyavu walizikata.

Nahodha yule alilaumu betri. Niambieni, betri ilikosa nini?

Hebu tupige hesabu. Stata, yaani ile mota ya kuwashia mashine, kwa mashine kama ile inavuta ampea mia na zaidi. Tuseme 150, kwa sekunde 3. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa ampea-saa, yaani ampea mara saa, unapata kama moja ya nane ya ampea-saa moja. Kidogo sana! Taa moja ya wati 10 inamaliza kiasi hicho kwa dakika tisa. Kwa hiyo kuwasha mashine hakumalizi betri. Betri inamalizwa na vitu vidogo vidogo vinavyowaka usiku kucha bila kelele, na mkija kuhitaji ule mshindo wa sekunde tatu, haupo.

Tena betri zenyewe haziko sawa. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021. Mpe Omanyala kilomita 42 za Eliud Kipchoge, na mpe Kipchoge mita 100 za Omanyala: mmewanyanyasa wote wawili. Betri ya gari ni ya mbio fupi. Ndani yake sahani za risasi ni nyembamba na nyingi, ili itoe nguvu nyingi kwa ghafla. Ukiikamua mpaka chini kila usiku, sahani zile zinachakaa, na katika miezi michache unarudi dukani. Betri ya safari ndefu, ile inayoitwa dipu saiko, ina sahani nene, inatoa umeme polepole kwa saa nyingi na inavumilia kushushwa na kuchajiwa tena na tena.

Sasa nani anunue nini? Hapa nitasema wazi, na mwenye duka asinikasirikie.

Kama mashine yako ni farasi 15 ya kuvuta kamba, huhitaji betri ya stata hata kidogo. Stata yako ni mkono. Nunua betri moja ya dipu saiko ya kiasi, kwa taa na pampu, na pesa inayobaki nunua jaketi za kuokolea. Nimeona kijana wa boti ndogo kabisa ameuziwa betri ya lori, amebebeshwa kilo arobaini na kitu nyuma ya boti, tezi imezama, omo imeinuka, mafuta yanaliwa kwa sababu boti haikai sawa. Aliambiwa kubwa ndiyo nzuri. Kubwa kwa kazi gani?

Kama mashine yako inawashwa kwa ufunguo, weka betri mbili. Moja ya stata, nyingine ya matumizi. Mbili! Najua ni gharama. Lakini kila nahodha aliyewahi kuvutwa na boti ya mwenzake anajua gharama ya usiku mmoja: mafuta ya mwenzako, samaki walioharibika, nyavu zilizobaki majini.

Betri hizo mbili zinaunganishwaje? Wengi wanafunga swichi ile ya kuzungusha, yenye 1, 2, zote mbili na zima. Inafanya kazi, ila mimi siipendi sana kwa boti zetu. Usiku mtu anaiweka kwenye zote mbili ili taa ziwake vizuri, anasahau, na asubuhi betri zote mbili zimekufa pamoja. Tena akiizungusha kwenye zima huku mashine inanguruma, chaji inakosa pa kwenda na regulata ya mashine, kile kifaa kinachodhibiti chaji, inaweza kuungua papo hapo. Mimi naona heri kila betri iwe na swichi yake ya kawaida, na katikati ufunge rilei inayohisi volti, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe. Betri ya stata ikishajaa na volti zikapanda kupita 13 na kidogo, rilei inaziunganisha na betri ya matumizi inapata chaji. Mashine ikizimwa na volti zikashuka, rilei inaachia yenyewe. Hakuna wa kukumbuka, hakuna wa kusahau.

Tuje kwenye ukubwa. Nikiuliza mtu betri yake ina ampea-saa ngapi, ananijibu, fundi, ni ile kubwa ya bluu. Ndugu yangu, rangi haiwashi taa! Kaa chini na kalamu kabla hujaenda mjini. Tupige pamoja hesabu ya boti moja inayolala ziwani.

Taa za ishara za LED, nyekundu, kijani na nyeupe, jumla wati 6. Gawanya kwa volti 12, ni nusu ampea. Giza la saa 11, hiyo ni ampea-saa 5 na nusu. Taa ya kufanyia kazi, wati 10 kwa saa 8, karibu 7. Kifaa cha kutafuta samaki kinachovuta chini kidogo ya ampea moja, kwa saa 6, weka 5. Pampu ya kutoa maji, ampea 3, ikizunguka kwa jumla ya saa moja usiku mzima, 3. Simu mbili, weka 3 nyingine. Jumla ni 23 na nusu, tuseme 24. (Taa za omena sizihesabu hapa, kwa sababu zile za siku hizi zinaelea zikiwa na betri zake.)

Mtu ataniambia, basi ninunue betri ya 24? La! Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu ukitaka ikae miaka. Kwa hiyo zidisha mara mbili: 48. Ongeza kidogo kwa usiku wa mawimbi ambapo pampu haipumziki, na kwa kuwa betri inazeeka: nunua ya 60. Hapo umenunua kwa hesabu yako, hukununua kwa mdomo wa muuzaji.

Na hizo ampea-saa 24 utazirudisha kwa njia gani? Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanasema, mashine itachaji nikirudi. Mashine ndogo za nje hazina jenereta kama ya gari. Nyingi za ukubwa wetu zinatoa ampea 6 hivi, na hizo ni mashine ikienda kwa kasi. Ikienda polepole zinakuwa karibu na hakuna. Ampea 6 kwa kurudisha 24 ni saa nne za kukimbia kwa kasi, na zaidi, maana betri haipokei yote unayoipa. Nani hapa anachoma petroli saa nne kwa kasi ili achaji simu?

Jua tunalo, bwana! Ikweta inapita pale Maseno. Paneli ya sola ya wati 100, kwa jua letu la kama saa 5 nzuri kwa siku, ukitoa kinachopotea njiani, inarudisha matumizi yale ya usiku mzima wakati boti imeegeshwa na nyinyi mmelala. Weka kidhibiti chaji kati ya paneli na betri, wala usiunganishe paneli moja kwa moja. Itaichemsha betri mpaka maji yaishe. Na paneli ifungwe pahali kivuli cha mlingoti au cha turubai hakiigusi, kwa sababu kivuli cha upana wa kiganja kinaweza kuiangusha paneli nzima.

Sasa aina. Betri ya kawaida ya maji ni ya bei ya chini, lakini inahitaji kuangaliwa na kuongezwa maji safi ya betri, na ikipinduka asidi inamwagika kwenye miguu ya watu. AGM ina asidi iliyofyonzwa ndani ya nyuzi za kioo, haimwagiki hata ikilala ubavu, na inavumilia mtikisiko. Kwa boti inayogonga mawimbi ya Ghuba ya Winam kila siku, betri ya stata ningependa iwe AGM. Hilo halina maneno mengi.

Lithiamu ndiyo inayoulizwa na kila kijana, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Nazungumzia ile ya chuma na fosfati, yenye seli nne, volti 12.8. Ni nyepesi: ya ampea-saa 100 ina kilo kumi na kitu, ambapo ya risasi ya ukubwa huo inakaribia thelathini. Unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 bila kuiumiza, kwa hiyo kwa hesabu yetu ya 24, ya 40 inakutosha vizuri. Inadumu. Kwa betri ya matumizi, mwenye uwezo anunue, sina shaka nayo.

Lakini usiifunge kwenye stata kwa sababu tu ni mpya na ni nyepesi. Ndani yake kuna kinga ya kielektroniki inayoweza kukata umeme ghafla ikiona mkondo umezidi au chaji imezidi. Ikikata wakati mashine inachaji, volti zinaruka, na regulata ya mashine ndiyo inayolipa. Tena lithiamu ina njaa: inavuta chaji yote unayoweza kutoa, kwa muda mrefu, na ile koili ndogo ya kuchaji ya mashine yako haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo na ile rilei niliyoisifu, hapa iache. Ilikuwa ya betri mbili za risasi. Mtengenezaji wa mashine akisema katika kitabu chake kwamba inakubali, sawa. Asiposema, lithiamu ichajiwe na sola kupitia kidhibiti kilichowekwa kwa lithiamu, na stata ibaki na AGM yake. Yule jamaa wa bandani anayekuambia betri ni betri, kidhibiti ni kidhibiti, mwombe akuonyeshe mahali pa kuchagua aina ya betri. Kidhibiti kilichowekwa kwa betri ya risasi ya maji, kila baada ya muda kinaweza kupandisha volti kupita 15 ili kuisawazisha. Lithiamu haitaki hivyo.

Wazee wangu, nimefika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote: waya.

Mwenye boti mmoja aliniita akisema amenunua betri tatu kwa mwaka na bado stata inalia kama mgonjwa. Nilifika na mita ya kupimia volti. Nikaiweka kwenye vichwa vya betri, mashine imezimwa: volti 12.6. Betri imejaa. Nikamwambia azungushe ufunguo, macho yangu kwenye mita: ikashuka mpaka 11.2. Betri nzuri kabisa. Ingeshuka chini ya 9.6 ningesema imechoka. Kisha nikahamisha nyaya za mita hadi kwenye stata yenyewe, akazungusha tena: 8.4. Volti karibu tatu zimepotelea wapi? Tukaufuata ule waya mwekundu kwa vidole. Karibu na kona, chini ya ubao ambapo maji hutuama, ulikuwa umevimba. Nikakata ganda kwa kisu, ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, umebaki uzi mwembamba unaopitisha kila kitu. Uliungwa pale kwa kusokota na kufungwa selotepu. Betri tatu! Kwa inchi tatu za waya!

Kwa hiyo nawaambia: kabla hujanunua betri, pima. Pima kwenye betri, pima kwenye stata. Waya wa boti uwe wa shaba iliyopakwa bati, uwe mnene wa kutosha, uwe mfupi iwezekanavyo, na maungio yabanwe kwa koleo lake na kufunikwa na mpira unaobana kwa joto. Vichwa vya betri visafishwe, vikazwe kwa spana, vipakwe grisi juu. Zile nati za kukaza kwa vidole zinalegea kwa mtikisiko, na waya uliolegea unatoa cheche.

Na cheche, ndugu zangu, ndani ya boti yenye petroli? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini kabisa ya boti, pale pale tunapopenda kuweka betri. Betri nayo ikichajiwa inatoa hidrojeni, ambayo hewani ikifika asilimia 4 inaweza kulipuka. Betri ikae ndani ya sanduku lenye kifuniko na tundu la hewa, ifungwe kwa mkanda, iwe mbali na tangi, juu ya maji ya chini. Kila waya mwekundu unaotoka betri kwenda kwenye matumizi uwe na fyuzi, karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyo mwisho wa waya, karibu na taa, hailindi waya. Waya wote wa katikati unaweza kuwaka moto na fyuzi ikitazama. Msumari badala ya fyuzi sitaki hata kuuzungumzia.

La mwisho ni betri zilizokufa. Naziona hapa, nyuma ya banda la nyavu, zimepangwa. Kuna anayezipasua atoe risasi ayeyushe vizito vya nyavu. Nawaomba, kwa heshima zote, jambo hilo likome. Mnakumbuka Owino Uhuru, kule Mombasa? Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi kwenye damu ya watoto wa mtaa mzima. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi pale, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, alisimama akapigana, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi ikiingia kwenye ubongo wa mtoto haitoki kwa fidia. Na sisi tunapasua betri mita chache kutoka maji tunayochota, karibu na meza ambayo mama zangu wanaanika omena, watoto wakicheza hapo hapo na maganda.

Betri kuukuu ina bei. Wauzaji wengi mjini wanaipokea na kukupunguzia kwenye mpya. Mwenyekiti, ombi langu ni kwamba BMU itenge pahali pamoja penye paa na sakafu ya simiti, kila betri iliyokufa iwekwe pale ikiwa nzima, zikifika za kujaza mkokoteni zipelekwe mjini kwa pamoja. Pesa yake inaweza kuanza kununua mita moja ya bichi nzima, ya kila boti kupimia.

Mpaka itakaponunuliwa, yangu hii hapa mezani. Nitakaa mpaka jua litue. Kila mwenye boti aende achukue betri yake, aje tuipime kabla hajatoka leo usiku, na aje na kile kipande cha waya anachokitilia shaka.